Nyota Aliyoingoja Kukhu

Ukifungua mkebe mpya wa plasta ya hospitali, ile nyeupe pana ya kukatwa kwa makasi, hutoka harufu ya mpira uliochanganyika na spiriti. Wengi hawaijali. Mimi ikinifikia, hata nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa na watu wananisukuma, huwa najikuta nimerudi kuwa msichana wa darasa la tano, nimepiga magoti juu ya kitanda changu mwenyewe nilichonyang'anywa, nikimbandua bibi kizee plasta shavuni pole pole nisije nikaing'oa pamoja na ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa nyembamba kama lile ganda la ndani la kitunguu. Alikuwa akinung'unika kwa Kibukusu kwamba mikono yangu ni mizito kama ya mtu anayechuna mbuzi.

Huyo alikuwa Kukhu. Kwa Wabukusu kukhu ni bibi, lakini yeye alikuwa bibi wa baba yangu, si wangu. Ndiye aliyemlea baba tangu mama yake alipofariki, na jina hilo likamganda kwa wote. Umri wake haukuandikwa popote. Baba alikuwa akijaribu kuuhesabu kwa vita, kwa njaa na kwa reli, na kila mara alipata jibu tofauti, ila majibu yote yalipita tisini.

Nyumba yetu ilikuwa Kitengela, nayo Kitengela ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na saba haikuwa hii ya maghorofa mnayoijua. Tulipanga nyumba ya mawe yenye paa la mabati, ya mwisho kabisa kwenye safu, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila mbuga. Asubuhi nyingine tuliamka tukakuta nyumbu wamesimama kule nyuma kama watu waliokosea harusi. Mvua ikinyesha, ile harufu ya udongo mweusi ilikuwa ikiingia hadi ndani ya mkate. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River, na alirudi jioni akiwa na kijivu kwenye nyusi. Mama alifundisha watoto wa chekechea kanisani. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, jambo ambalo watu wetu wa Bungoma walilizungumza kwa sauti ya chini.

Kukhu aliletwa kwetu mwezi wa tatu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na utando kama maziwa yaliyopoa, na baba alikuwa amesikia kwamba upande wa Kikuyu kuna madaktari wanaoutoa. Walimpasua jicho la kulia. Wakamfunga bandeji, wakasema plasta ibadilishwe kila siku na dawa itiwe, halafu baada ya wiki sita arudi apewe miwani. Bila miwani angeona mwanga na vivuli tu. Hivyo ndivyo nilivyopoteza kitanda na kupata kazi.

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa, mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Mutua, aliingia darasani na karai. Ndani ya karai kulikuwa na barafu aliyokuwa ameikwaruza kwenye friji ya bucha iliyokuwa karibu na stendi. Akainyunyizia udongo, akaongeza makaa yaliyosagwa, akaifinya kwa mikono miwili mpaka ikawa donge jeusi la ukubwa wa embe, huku akipuliza vidole kwa baridi. Akaliweka dirishani penye jua, akatuambia tuliangalie. Lilianza kutoka jasho. Kisha likawa linatoa moshi mwembamba sana, na tone moja moja la maji machafu likawa linaanguka sakafuni.

Akatuambia kwamba mbali kabisa, kupita Pluto, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahesabiwa kuwa sayari ya tisa, kuna madonge kama hayo yasiyo na idadi, mengine makubwa kuliko mji wa Nairobi. Yanakaa kwenye giza na baridi ambayo hakuna aliyeijua, na ukisimama huko jua utaliona kama nyota nyingine tu. Yapo huko tangu dunia haijaumbwa. Mara moja moja, donge moja huponyoka likaanza kuanguka kuelekea kwenye jua. Likifika karibu hupata joto, likatoa mvuke, na ule mvuke ndio mkia. Moja kama hilo, alisema, liko juu yetu sasa hivi. Mawingu yakiruhusu, tutazame upande wa vilima vya Ngong jua likishazama. Na baada ya hapo litarudi kwao, na halitaonekana tena mpaka ipite miaka zaidi ya elfu mbili.

Mvulana mmoja akasema babu yake aliwahi kusimulia habari za nyota ya mkia, kwa hiyo mwalimu amekosea miaka. Mwalimu akatabasamu. Akaeleza kwamba wazee waliiona nyingine, inayozunguka kwa miaka sabini na kitu, na kwamba hiyo ilipita mara ya mwisho mwaka wa themanini na sita. Nililiweka hilo akilini kwa sababu ndio mwaka niliozaliwa. Lile donge dirishani lilikuwa limebaki tope, nalo tope lilinuka nyama. Mpaka leo nikisoma habari za nyota za mkia, nasikia kwa mbali harufu ya mbuzi.

Nilikimbia nyumbani. Siku hiyo mbingu zilikuwa safi, na nilipomaliza kumtilia Kukhu dawa nikatoka nyuma ya nyumba nikaiona. Ilikuwa juu kidogo ya mgongo wa Ngong, upande wa kulia, kama mtu aliyechora kwa chaki halafu akapitisha kidole. Nikarudi ndani nikimwambia mama kwa kelele. Kukhu alikuwa ameketi kitandani. Akauliza ninasema nini, nikamwambia kwa Kibukusu changu cha kubabaisha: nyota ina mkia.

Akasimama kabla sijamshika. Alipapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka, akasimama kwenye nyasi akielekeza uso uliofungwa bandeji kusikokuwa na kitu. Nikamgeuza. Akawa anapumua kwa mdomo.

"Imerudi," akasema.

Habari yake aliisimulia jioni ile na nyingine nyingi, na kila mara aliongeza kidogo. Alikuwa mdogo, wa kubebwa. Papa wake, ndivyo alivyomwita baba yake, alimtoa nje akampandisha mabegani ili aione nyota iliyokuwa imejaza mbingu. Alikumbuka kwamba alimshika masikio ili asianguke, na kwamba shingo yake ilinuka moshi na siagi. Watu wa mji wote walikuwa wameingiwa na hofu, wengine wakijificha ndani, lakini papa wake alikuwa akicheka. Alimwambia kwamba baba yake mwenyewe alishaiona, kwamba nyota hiyo huenda ikarudi, na ikirudi atamwonyesha tena. Miaka michache baadaye papa wake alipelekwa Kariokor. Asubuhi ya kuondoka alimwambia amngoje pale pale nyumbani. Hakurudi.

Tukawa na desturi. Kila jioni, baba akishafika na kunawa, nilimtolea Kukhu kigoda nyuma ya nyumba nikasimama kando yake. Aliuliza, "Nafula, iko?" Nami nilimwambia iko wapi, imesogea kiasi gani, mkia umeelekea wapi. Saa hizo hizo Mama Naisula, jirani yetu Mmaasai aliyekuwa akituletea maziwa, alikuwa akirudisha mbuzi wake, na aliposimama kwenye ua alisema "Supa," naye Kukhu akajibu "Mulembe," kisha wakaendelea kuongea kwa muda mrefu, kila mmoja kwa lugha yake, wakikubaliana kwa kila jambo.

Lakini mwezi wa nne ni mwezi wa mvua. Siku tatu mfululizo wingu lilikaa juu ya Ngong kama kifuniko cha sufuria, na uso wa Kukhu niliposema haiko ulinishinda. Siku ya nne nikasema iko. Nikaieleza vizuri sana, nikauongeza mkia. Tone la kwanza la mvua likanidondokea puani nikiwa katikati ya sentensi.

Kukhu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanitafuta mkono, na alipoupata hakuwa akicheka tena.

"Ukiiona, sema umeiona. Usipoiona, sema hujaiona. Mimi sina mwingine wa kuniambia."

Sikumdanganya tena.

Kulikuwa na jambo lingine lililonisumbua. Kariokor niliijua. Ni soko la Nairobi, mama alikuwa amenunua vyondo vyetu huko, na nje kuna watu wanachoma nyama. Haikuniingia akilini jinsi mtu anavyoweza kwenda sokoni akapotea miaka yote hiyo, na sisi tunaishi karibu hivi, na hakuna aliyejisumbua kwenda kuuliza. Jumapili moja baba alipokuwa akipiga viatu rangi nikamshauri twende tumtafute. Baba alianza kucheka, halafu akaweka kiatu chini.

Akanieleza kwamba kabla ya soko, pale palikuwa kambi. Wazungu walikuwa wanapigana na Wazungu wenzao, na vita vyao walivileta mpaka huku. Bunduki, mizinga na unga vilihitaji mtu wa kuvibeba kwenda Tanganyika, kwa hiyo wanaume walikusanywa vijijini, wengine kwa kamba. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza watu walilitamka Kariokor, na mahali pakabaki na jina hilo. Wengi sana walikufa njiani, kwa kuhara na kwa njaa, na majina ya wengi wao hayakuandikwa.

Nikamuuliza kama Kukhu anajua. Baba aliitazama brashi.

"Anajua," akasema. "Lakini hakuna aliyekuja kumwambia."

Sikuona tofauti. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Mwezi wa tano ulipoingia shule zilifunguliwa, na mawingu yakaanza kupasuka. Siku moja nilirudi nikamkuta Kukhu amefunga mzigo wake kwa leso, ameketi juu yake sebuleni, amevaa viatu. Alikuwa anakwenda nyumbani Bungoma. Mama alikuwa amejaribu kumsihi tangu saa nne. Baba alipofika akamkumbusha kwamba zimebaki siku kumi na moja tu apate miwani, na kwamba akiondoka bila hiyo, upasuaji wote umekuwa kazi bure. Mchungaji aliitwa, akaomba kwa kirefu, akanywa chai, akaondoka.

Hoja yake ilikuwa moja. Papa wake alimwacha pale nyumbani na akamwambia amngoje pale. Nyota imekuja, nayo haitakaa, na yeye yuko huku kwa Wamaasai. Miwani itamsaidia nini akiona kila kitu isipokuwa kile?

Mtu mzima kama huyo huwezi kumfungia mlango. Baba alisema kwa unyonge kwamba atamkatia tikiti ya basi la Jumamosi. Nilimwona mama akigeukia ukuta. Nilijua maana yake, kwa sababu nilikuwa nimemsikia daktari: jicho lile bila miwani lingekuwa kama dirisha lililofunguliwa kwenye ukungu. Angekaa gizani mpaka mwisho wake.

Ijumaa jioni nilimtoa nje kama kawaida. Nyota ilikuwapo, imefifia, imeshuka. Aliuliza, nikamwambia. Kisha nikakaa chini kwenye nyasi ili nisiuone uso wake.

"Kukhu, hii si ile."

"Ile ipi?"

"Ile uliyoonyeshwa na papa wako. Mwalimu alituambia. Ile ilirudi mwaka niliozaliwa. Ilipita, ikaenda. Hii ni nyingine, haijawahi kuja ukiwa duniani."

Mbuzi wa Mama Naisula walikuwa wanapita, na nilisubiri kengele zao ziishe. Kukhu hakusogea.

"Mwalimu ana hakika?"

"Ako na kitabu."

"Na itarudi tena, ile?"

Nilikuwa nimeshaipiga hesabu hiyo nyuma ya daftari. Nikamwambia itarudi nikiwa na miaka sabini na mitano.

"Basi wewe utaiona," akasema. Akaomba nimrudishe ndani, na nilipomfikisha kitandani akaanza kufungua fundo la leso kwa vidole vyake, kidogo kidogo, akitoa nguo moja moja na kuzikunja upya.

Hakwenda Bungoma Jumamosi. Wazazi wangu walifurahi mpaka nilipowaambia sababu. Mama hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Jumamosi asubuhi Kukhu alimwomba mama wembe, akanyolewa kichwa chote, nywele zake nyeupe zikaanguka kwenye gazeti kama pamba. Mimi nilidhani ni joto. Siku zile tisa hakutoka nje hata jioni moja. Alikula kidogo, alijibu ukimsemesha, na nilipombandua plasta hakunung'unika tena kuhusu mikono yangu. Ningetoa chochote aniambie mimi ni mchuna mbuzi. Mama Naisula alifika uani akakuta kigoda hakipo, akaniuliza habari za bibi kwa Kimaasai chake, "Kokoo yuko wapi?" Nikaonyesha ndani. Akaniwekea kiganja kichwani, akakiacha hapo kwa muda, akaenda zake. Nililia nyuma ya tangi la maji. Niliamini kwamba nimemwua mtu kwa ulimi, ila bado hajaanguka.

Siku ya miwani baba aliazima pikapu ya rafiki yake wa kazini, akaniombea ruhusa shuleni. Miwani yenyewe ilikuwa mizito kama chini ya chupa. Muuguzi alipomvisha, Kukhu hakututazama sisi kwanza. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua kitu alichokiazimisha miaka mingi. Kisha akainua uso kunielekea.

"Kumbe una pengo," akasema. "Sauti yako ilikuwa imelificha."

Lilikuwa neno la kwanza la mzaha tangu ile Ijumaa. Sikujua nicheke au nilie, nikafunga mdomo.

Wakati wa kurudi nilikaa katikati, Kukhu dirishani. Alisoma dunia yote iliyopita: ng'ombe, mabango, nguo za watu. Tulipita Embulbul, tukapita Ngong, tukashuka mpaka Kiserian, ambako siku hiyo ilikuwa ya soko na kondoo walikuwa wamejaa barabarani. Nilitarajia baba akunje kuelekea nyumbani. Hakukunja. Alinyoosha barabara ya Magadi, akipanda, na nilipomtazama aliendelea kutazama mbele.

Alisimama Kona Baridi. Anayepajua mahali pale anajua kwa nini paliitwa hivyo. Upepo unatoka bondeni kama umetumwa. Nyuma yako kuna mgongo wa mwisho wa Ngong, na mbele ardhi inakatika, inashuka na kushuka mpaka macho yanachoka. Jua lilikuwa limeshazama. Mbingu upande ule zilikuwa za manjano chini na kijani kibichi juu, bila wingu. Baba alivua koti lake akamfunika Kukhu mabegani, tukamshika mkono huku na huku tukamvusha mpaka ukingoni.

Tulingoja. Nyota za kwanza zilitoka. Mimi ndiye niliyeiona, kwa kuwa nilikuwa nimeizoea: doa dogo la ukungu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Ilikuwa imechoka sana kufikia hapo. Nikamshika Kukhu kidevu, nikakigeuza taratibu mpaka miwani ikaielekea.

Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuogopa haoni. Koti lilikuwa linapigapiga.

"Nimeiona," akasema mwishowe. Kisha akainua mkono wake akaupitisha mbinguni, kutoka kwenye ukingo wa bonde mpaka juu ya vichwa vyetu. "Yetu ilifika huku. Hii ni nyingine. Mtoto alisema kweli."

Baba akakohoa. Alikuwa mtu asiyependa kusema mambo ya moyoni.

"Mimi nilijua, Kukhu. Mwaka ule niliisoma kwenye gazeti. Nilikuwa nyumbani likizo, tumelala nyumba moja, na sikukuambia. Haikunijia akilini."

Kukhu hakumlaumu. Alisema hakuwa na namna ya kujua kwamba yeye anangoja. Lakini aliendelea kutazama kule, na baadaye akasema, kama anayezungumza na mtu aliye mbali:

"Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Ni uongo. Mwaka ule nilikuwa na macho mazima."

Lori lilipita nyuma yetu likishuka kwenda Magadi, taa zake zikatumulika, zikaondoka. Alipohisi kwamba natetemeka alinivuta ndani ya koti.

"Twende," akamwambia baba. "Nyumbani kuna matanga hayajafanywa."

Yalifanywa mwezi wa nane, shule zilipofungwa. Wazee wa ukoo walibishana siku mbili nzima iwapo mtu anaweza kuzikwa baada ya miaka themanini, na iwapo asiyekuwa na mwili ana haki ya kaburi. Kukhu aliwasikiliza kupitia miwani yake mpaka wakaishiwa na maneno, kisha akawaonyesha mahali pa kuchimba. Shina la mgomba lilikatwa, la urefu wa mwanamume, likafungwa kwenye blanketi mpya, likabebwa kichwa mbele kama inavyotakiwa. Wanawake walipokuja kumnyoa, kama wafiwa wanavyonyolewa kwetu, alivua kitambaa, wakaona nywele fupi zinazoanza kuota. Shangazi mmoja akawaambia wenzake, "Huyu ameshanyolewa." Wakaondoa wembe. Nilikuwa nimesimama pale pale na beseni la maji, na sikuelewa kitu.

Mchungaji alimuuliza jina la marehemu. Kukhu alisimama akalitaja: Simiyu. Alilitaja kwa sauti ya kuita, si ya kutangaza, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Pale uani palikuwa na watu zaidi ya mia moja, na isipokuwa yeye hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina hilo likiitwa na mtu mwenye kulijua.

Aliishi miaka mitatu zaidi. Alikataa kupasuliwa jicho la pili, akasema moja linatosha kwa yaliyobaki. Hakuwahi kuuliza tena habari za nyota.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshazika watu wangu mwenyewe, ndipo siku moja nikiwa nakata vitunguu ile asubuhi ya wembe ikanirudia, na nikaweka kisu chini. Zile siku tisa ambazo nilidhani nimemvunja moyo, Kukhu alikuwa matangani. Alikuwa amekaa chumbani mwangu, juu ya kitanda changu, akimlilia baba yake peke yake, kwa sababu hatimaye mtu alikuwa amemjia na habari. Niliyompelekea ilikuwa habari ya donge la barafu, lakini ilikuwa na maneno aliyoyangoja tangu utotoni: ilipita, ikaenda. Kumbe mtu anaweza kujua jambo miaka themanini na bado akahitaji mwingine aje akae chini kwenye nyasi, alitamke.

Nikijaliwa kufika miaka sabini na mitano nitatoka nje kuiangalia ile yao. Sijui nitakuwa na macho gani. Naitamani, lakini si sana. Ninachokitamani, jioni nyingine upande wa Ngong unapokuwa wa manjano na watoto wangu wako ndani na televisheni yao, ni kigoda kile kwenye nyasi, na sauti ile isiyo na haraka ikiniuliza, "Nafula, iko?"